Jiwe la Mama na Kompyuta Yangu

Akiba haiozi, walisema wahenga. Nami nimeishi miaka ya kutosha kuona kwamba akiba nyingine huoza, nyingine hupotea, na nyingine hufutwa kwa ridhaa ya mwenyewe, akalipa na kushukuru juu yake. Kisa ninachotaka kukusimulia, msomaji, kinahusu kompyuta, lakini kinaanzia mbali kidogo, huko Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wakati mimi sijawahi hata kulisikia neno kompyuta.

Asiyeifahamu Ikombe na afikirie ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji. Nyuma ni mlima, mbele ni ziwa. Tangu utotoni mwangu watu wa kwetu wamekwenda Matema kwa miguu, wakifuata ukingo, au kwa mtumbwi. Sisi ni Wakisi, na Mkisi akitajwa mbele ya Mnyakyusa, la kwanza linalomjia kichwani ni chungu. Wanawake wetu hufinyanga vyungu kwa mikono, huvianika, huvichoma, kisha huvipanga mtumbwini juu ya majani na kuvipeleka soko la Matema. Kwa vyungu hivyo wengi wetu tumesomeshwa. Mimi ni mmoja wao.

Mwaka 1979 na 1980 ziwa lilipanda kuliko wazee walivyokumbuka. Nilikuwa darasa la sita. Kila asubuhi baba alichomeka kijiti mahali maji yalipofikia, na kila jioni kijiti kilikuwa ndani ya maji. Siku moja alisema basi, tunahamia juu, karibu na mwamba. Ndugu wakaja kusaidia. Kila mtu akashika alichokiona cha thamani. Kaka yangu alikamata kitanda, mjomba akaanza kufungua mlango kwenye fremu yake, nami nikakimbilia vyungu vya mama, zaidi ya kumi, vimekwisha chomwa, vinasubiri soko.

Mama akanizuia. Aliingia ndani akatoka na vitu vitatu tu: mbegu za mahindi ndani ya kibuyu, kopo la bati lenye vyeti vya ubatizo na picha moja ya babu, na jiwe dogo jeusi lililolainika kama yai, ambalo alilitumia kusugulia chungu kabla hakijakauka sawasawa. Alinikabidhi vitu hivyo vitatu, akaniambia nivipeleke juu, nikae navyo, nisiondoke hata nikiitwa. Nilimwuliza, na vyungu je? Akajibu: "Vyungu nitafinyanga vingine. Jiwe hili alinipa mama yangu. Jiwe sitalifinyanga."

Nilikaa juu ya mwamba tangu saa tatu asubuhi hadi jua likielekea kuzama, jiwe mkononi, nikiona aibu mbele ya wenzangu waliokuwa wakibeba mizigo ya kiume. Sikuelewa chochote. Nilikuja kuelewa miaka 34 baadaye, tena kwa hasara.

Mwaka 2011, nikiwa mwalimu, nilinunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika. Ndani yake mlikuwa na Windows XP, mfumo endeshi ambao Microsoft iliutoa mwaka 2001. Kwa msomaji ambaye neno hili ni geni, mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuzitawala programu nyingine zote. Bila huo, kompyuta ni bati na kioo. Likizo za mwaka 2012 na 2013 nilikwenda Ikombe na kumrekodi mama kwa simu. Kikisi ni lugha ya watu wachache, na vitabu vyake ni vichache. Nilitaka sauti yake ibaki. Alinieleza jinsi ya kuutambua udongo mzuri kwa kuubana vidoleni, majina ya sehemu za chungu kuanzia mdomo hadi kitako, hadithi za sungura, nyimbo za kubembeleza watoto, na wimbo mmoja mrefu wa kupigia makasia ambao bibi yake alikuwa akiuimba wakirudi kutoka sokoni. Jumla zilikuwa rekodi 41. Nilizihamishia kwenye kompyuta, nikazipanga vizuri kwenye uso wa kioo, pale ambapo zingenitazama kila niwashapo. Kisha nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Nilijiona mwenye utaratibu.

Mwezi Aprili 2014 Microsoft iliacha kuitunza Windows XP. Mashine yangu ilikuwa imekwisha kuwa nzito, imejaa virusi vya flashi za wanafunzi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hapa nchini hatusemi kusimika mfumo endeshi. Tunasema kupiga Windows, kama tunavyosema kupiga pasi, kupiga deki, kupiga rangi. Kila nikikumbuka siku ile naona neno hilo lilivyo na haki yake, maana hayo yote ni mambo ya juu juu. Unayemwambia apige rangi nyumba yako humtazamii avunje kabati.

Fundi alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniuliza, "Mzee, vitu vyako viko D au C?" Nami, kwa kutotaka kuonekana mshamba, nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua: viko D. Akaniuliza tena kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika. Saa mbili baadaye nikapewa mashine nyepesi kama mpya, yenye Windows 7. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Sasa nieleze kile ambacho sikukijua, kwa sababu wengi wangali hawakijui. Diski moja ya kompyuta yaweza kugawanywa sehemu mbili au zaidi, kama nyumba yenye vyumba. Kwa kawaida mfumo endeshi hukaa chumba cha C. Watu wengi huweka vitu vyao D, na fundi akifuta C bila kuigusa D, vitu vya D husalimika. Lakini kile unachokiona juu ya uso wa kioo hakielei hewani. Kinakaa ndani ya folda, na folda hiyo iko C, chini ya jina la mwenye mashine, pamoja na ile folda ya nyaraka na ile ya picha. Mimi niliweka D mitihani ya kidato cha pili na matokeo ya shule. Sauti ya mama niliiweka mahali pa wazi kabisa, na palikuwa ndipo mahali panapobomolewa.

Sikugundua mpaka wiki mbili zikapita, na hapo nikaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Faili lililofutwa kwenye diski kama ile yangu haliondoki papo hapo. Kinachofutwa kwanza ni kama orodha ya yaliyomo. Kurasa zenyewe hubaki, na zinaweza kusomwa na mtaalamu, hadi hapo mashine itakapoandika mambo mengine juu yake. Kwa hiyo mtu akigundua amefuta asichokusudia, aizime mashine hapo hapo, asiitumie tena hata dakika moja. Mimi katika wiki mbili zile nilikuwa nimejaza picha za mahafali, kwaya na sinema za watoto. Nilipompata mtu Mbeya mwenye programu ya kufufua mafaili, alitoa vipande vitatu. Kimoja ni kuku. Mama alikuwa amenyamaza akimsubiri kuku amalize kelele.

Kosa lilikuwa langu. Fundi aliniuliza mara mbili. Mtu anayebomoa hawezi kujua cha thamani ndani ya nyumba ya mwingine. Hilo ni la mwenye nyumba kulijua.

Likizo iliyofuata nilikwenda tena Ikombe, nikamweleza mama. Nilidhani atasikitika. Alicheka, akasema kwamba mimi nilimpa mtu achome tanuru kabla sijatoa watoto waliokuwa wakicheza humo. Kisha akakubali kuanza upya. Lakini, msomaji, mtu si mashine. Hasemi leo alivyosema juzi. Hadithi zilikuwa fupi zaidi. Kuna majina ya vyungu aliyachanganya, akajirekebisha, akayachanganya tena. Nilipomwomba ule wimbo wa makasia, aliimba beti mbili, akasimama. Akatazama ziwani kwa muda mrefu. Akasema, "Umekwenda." Nilirudi nao mwaka uliofuata na mwingine, kila mara nikimwanzishia zile beti mbili. Haukurudi. Tulipata rekodi 17 badala ya 41. Mama alifariki mwaka 2019.

Baada ya msiba dada yangu alichukua jiwe, maana yeye ndiye aliyefuata kazi ya udongo. Mimi nilichukua rekodi 17. Kwa haki kabisa nilipaswa kuwa nimejifunza. Lakini uzembe ni kama magugu, ukiyang'oa mwezi huu, mwezi ujao yamerudi. Nilizihamishia rekodi kwenye kompyuta nyingine, yenye Windows 10, nikanakili kwenye flashi moja, na flashi ile nikaisahau ndani ya mfuko wa shati. Ilipita kwenye beseni la kufulia, ikakaa nusu siku ndani ya maji ya sabuni, na tangu hapo haikusomeka. Nikasema nitanunua nyingine. Neno "nitanunua" likakaa miaka.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, kama ilivyofanya kwa XP. Nilikuwa nimekwisha staafu na kurudi Ikombe. Mashine yangu haikuwa na sifa za kupokea Windows 11. Mwishoni mwa mwaka ule, usiku mmoja, nilikuwa nikiipa masahihisho ya mwisho iliyokuwa imekwisha yapakua, nayo ikawa inajisahihisha, ikihesabu asilimia. Betri yake ilikwisha kufa zamani. Ilitegemea umeme wa sola moja kwa moja, na siku hiyo mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima tangu asubuhi. Ilipofika asilimia 60 na kitu, taa ya nyumbani ikafifia, kioo kikawa cheusi.

Kesho yake nilipowasha, ilianza, ikajaribu kujitengeneza, ikashindwa, ikazima, ikaanza tena. Ilizunguka hivyo mara nne mbele ya macho yangu. Nilihisi tumbo likinishuka. Nilitoka nje nikakaa juu ya mwamba ule ule.

Nilimpigia mpwa wangu aliyeko Mbeya, ambaye kazi yake ni hizi hizi mashine.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, kompyuta imekufa, na bibi yako yumo ndani."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo nataka kila msomaji alikumbuke: "Mjomba, kilichokufa ni Windows. Diski haijafa. Bibi yuko salama usipombughudhi. Zima, usibonyeze chochote."

Akanieleza kwamba mfumo endeshi na mafaili ya mtu ni vitu viwili vinavyoishi kwenye diski moja. Mmoja akiugua, mwingine hana lazima ya kuugua. Na mashine ambayo mfumo wake umekufa yaweza kuamshwa kwa mfumo mwingine ulio nje yake, kwenye flashi, kama mtu anavyoingia nyumba iliyoporomoka mlango kwa kupitia dirishani. Siku mbili baadaye alituma kifurushi kwa basi hadi Kyela. Kutoka hapo kikaja Matema kwa barabara ya Ipinda, na kutoka Matema kikaja kwa mtumbwi wa watu waliokwenda sokoni, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Ndani mlikuwa na flashi tatu. Moja ilikuwa na Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004. Jina lake ni neno la ndugu zetu wa kusini mwa Afrika, maana yake ni utu. Hautozwi pesa. Flashi nyingine mbili zilikuwa tupu.

Nilisubiri siku ya jua kali. Saa nne asubuhi, simu sikioni, nikachomeka flashi ya Ubuntu, nikawasha huku nikibonyeza kitufe cha F12 kama alivyonielekeza, maana mashine yangu ni ya namna hiyo. Nyingine zina vitufe vyao. Kioo kiliniuliza kama nataka kuusimika mfumo au kuujaribu tu. Hapo ndipo wengi hupotea. Nikachagua kuujaribu. Mfumo ukaamka kutoka kwenye flashi bila kuandika kitu chochote juu ya diski yangu. Nikafungua diski ya zamani, nikaingia kwenye folda ya watumiaji, nikaona jina langu, nikaingia, nikafungua folda ya uso wa kioo. Zilikuwepo. Zote 17.

Nina neno kwa wenye mashine za siku hizi. Nyingi hufunga diski kwa fumbo, na ukiingia kwa mlango wa pembeni namna hii hutaona kitu mpaka utoe ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute leo, mashine ikiwa nzima, uuandike kwenye karatasi.

Nilinakili kila folda kwenye flashi ya kwanza, kisha ya pili. Nilidhani nimemaliza. Mpwa wangu akasema bado. Akaniamuru nihesabu mafaili upande huu na upande ule, kisha nizichomoe flashi kwa utaratibu, nikazifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine. "Nakala usiyoifungua ni tumaini, mjomba, si nakala." Nikatembea hadi kwa jirani mwenye kompyuta. Nikafungua rekodi ya 5. Sauti ya mama ikatoka, ikieleza udongo unavyopaswa kusikika vidoleni. Watoto wa jirani wakaacha kucheza. Mmoja aliuliza huyo bibi yuko wapi.

Niliporudi tulikuwa na njia mbili. Windows yenyewe, tangu toleo la 8, humpa mtu nafasi ya kuirudisha mashine katika hali yake ya mwanzo, naye huchagua kubaki na mafaili yake au kuondoa kila kitu. Akichagua kubaki nayo, programu alizoziongeza huondoka, mafaili husalia. Tena mtu akisimika Windows juu ya Windows bila kuifuta ile sehemu, ya zamani husogezwa kwenye folda iitwayo Windows.old, pamoja na mafaili yake. Lakini folda hiyo si ghala. Baada ya siku 10 Windows huifuta yenyewe, na nimesikia vilio vya siku ya 11. Njia hizi ni nzuri kwa mwenye nakala. Asiye nakala anaweka amana yake mikononi mwa mashine ambayo umeme wake waweza kukatika kwenye asilimia 60 na kitu.

Mimi nilichagua kuhama kabisa, kwa kuwa Windows 10 ilikwisha kuachwa na mashine yangu haikuweza kupanda. Nikaamua kusimika Ubuntu. Wala Linux si mgeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia inayozungumza Kiswahili. Basi kioo kikaniuliza swali: kuifuta diski yote na kusimika? Nikashika kipanya, mkono ukagoma. Nilimwona yule fundi wa mwaka 2014 akiniuliza kama nina uhakika. Safari hii sikujibu haraka. Niliziweka flashi mbili juu ya meza, nikazitazama. Kisha nikabonyeza. Kila kitu kikafutika, na kwa mara ya kwanza nikatazama kufutika bila hofu. Ni vyungu tu. Vingefinyangwa vingine.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni inayoitwa 3-2-1: uwe na nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani. Mimi nimeifuata kwa namna yangu. Nakala moja iko kwenye kompyuta. Flashi moja iko kwa mpwa wangu Mbeya, milima kadhaa kutoka ziwani. Flashi ya pili iko kwa dada, ndani ya kopo la bati la mama, pamoja na vyeti na jiwe. Mwaka ukianza huzifungua zote na kuzinakili upya, kwa kuwa flashi iliyolala miaka bila kuguswa nayo husahau. Akiba ya udongo haiozi. Akiba hii yataka kugeuzwa kama samaki juani.

Msomaji, ukiifunika kurasa hii, fungua mashine yako, au simu yako, ujiulize swali la mama: kama maji yangefika mlangoni usiku huu, ni kipi humo ndani ambacho hakifinyangwi tena? Kipeleke juu ya mwamba kwanza. Ndipo umwite fundi.

Juzi nilikwenda kwa dada kuchukua flashi. Nilimkuta ukingoni, chungu mapajani, jiwe mkononi, anasugua. Alikuwa akiimba zile beti mbili za wimbo wa makasia. Alipofika mwisho wa beti ya pili alirudi akaanza upya, kwa sababu baada ya hapo hakuna anayejua kinachofuata.